Kipimo cha Bungoma

Daktari wa Kitale alinakili namba ya kipimo cha hospitali ya Bungoma kwenye fomu ya upasuaji bila hata kumtazama binti yangu Sumeya machoni.

Kule Bungoma walimmulika tochi akilia, wakakisia kwamba makengeza yake ni digrii kumi na tano.

"Si niliambiwa hapa mko na vile vioo vya kupima jicho sawasawa?"

"Viko kabatini, mama," akasema, akinipa kalamu. "Weka sahihi."

Futi yangu ya ushonaji ilikuwa bado shingoni. Nikaivua, nikaitandaza juu ya fomu.

"Mimi hata pazia sikati kwa kipimo cha fundi mwingine. Na wewe unataka kukata jicho la mtoto."

Akanyoosha mkono kudai kalamu. Nikaifungia mkobani.

"Fungua kabati, daktari."