Haingii Bila Jenerali

Muuguzi alimdaka binti mlangoni mwa wodi, kabla hata hajamwona mama yake.

"Mgonjwa wako kagoma! Daktari keshanawa mikono, mama kang'ang'ania kitanda. Anasema kile chumba cha upasuaji hakina dirisha, na haingii bila Jenerali. Huyo Jenerali ndiye nani?"

Jenerali tena!

"Anaweza kusubiri?"

"Nusu saa, basi. Kidole tumbo kikipasuka, tutamkosa."

Binti aligeuka mbio.

Alikuwa amekua akimwonea wivu huyo Jenerali. Mama alifungwa kwa mambo ya siasa, lakini neno jela halikuwahi kumtoka kinywani. Yeye alisema "hotelini". Askari walikuwa wahudumu, viboko vilikuwa masaji, na seli iliyojaa maji kila mvua iliponyesha ilikuwa chumba cha kutazama bahari.

Katika hoteli hiyo, mteja msumbufu kupita wote alikuwa Jenerali. Alipiga kelele taa zikishazimwa, na hakuna mhudumu aliyeweza kumnyamazisha. Uji wao aliutema. Siku ya ukaguzi alimkojolea mkuu wa gereza, sare ikalowa chapachapa, na hakuguswa hata ukucha! Wanawake wote walimwekea sukari yao.

"Bila Jenerali," mama alizoea kusema, "ningejimaliza mle ndani."

Na binti je? Alipouliza habari zake mwenyewe, aliambiwa alizaliwa safarini. Hadithi ikaishia hapo.

Aliingia kwa fundi cherehani akihema. Fundi naye aliwahi kuwa mteja wa hoteli ileile. Hadi leo hashoni akiwa amefunga mlango, hata kwenye baridi.

"Shangazi, namtafuta Jenerali. Yu hai?"

Cherehani ilinyamaza. "Nani anamtaka?"

"Mama! Anatakiwa kupasuliwa sasa hivi, amekataa katakata bila yeye. Nielekeze anapokaa nikamkokote, hata kama sasa ni kibibi cha mkongojo."

Fundi aliangua kicheko mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

"Kibibi! Mungu wangu. Na mama umemwacha na nani?"

"Peke yake. Shangazi, usinitanie, muda unakwisha!"

"Hivi hajawahi kukwambia? Mdomo wote ule, kumbe mwoga."

Alijifuta machozi, akavuta droo ya chini kabisa, akapekua chini ya vitambaa. Alichokitoa kilikuwa gauni la kichanga, la kitambaa kigumu cha sare ya jela, lililokatwa kwenye mkono mmoja wa shati na kushonwa kwa uzi uliochomolewa kwenye blanketi.

Akalitandaza juu ya kiganja cha binti. Likaenea.

"Kimbia, Jenerali," alisema.