Kibao cha Imara

Mzee Nyundo alikigonga tena kitufe cha ghorofa ya tisa, safari hii kwa ngumi. Lifti haikutikisika. Ilikuwa imekwama baada ya ghorofa ya sita kama mfupa kooni.

"Umeme wa jengo hili una kiburi," alifoka. "Huja ukitaka."

"Mbona taa inawaka, baba mdogo?" aliuliza binti wa kaka yake, aliyekuwa naye humo ndani.

"Hiyo ni jenereta. Taa inaziweza, lifti haiiwezi."

Huko juu wenzao wa kazi walikuwa wanapiga kura, na hawakuwa watu wa kumngoja mtu. Waliokubali na waliokataa walikuwa sawa kwa sawa. Kura ya Nyundo ndiyo ingeamua. Asipofika, hoja yake inakufa.

Hoja yenyewe ilikuwa ya majina. Walitengeneza Linux yao wenyewe, mfumo wa kuendeshea kompyuta, wakaigawa bure, nayo ikafungwa kwenye kompyuta za kila namna. Kila toleo walilipa jina la mti. La zamani lilikuwa Mninga, jipya Mpingo. Ila palikuwa na jina moja zaidi, Imara, ambalo halikuwa mti wowote. Lilikuwa kibao tu: toleo jipya likikomaa, kibao hung'olewa kwenye la zamani na kupigiliwa kwenye jipya. Kompyuta iliyoambiwa ifuate Imara huhama pamoja nacho, bila kumwuliza mtu. Nyundo alitaka wote wafuate Imara. Binti, ambaye kazi alifundishwa na yeye, alitaka kibao kitupwe, kila mtu achague mti wake na ahame akiwa tayari.

Binti hakuwa na kura. Mdomo alikuwa nao.

"Ni sawa na kumhamisha mtu nyumba akiwa usingizini," alisema.

Nyundo alimwambia watu si maseremala, hawataki habari za miti. Wanataka jina moja, waliandike, wasahau. Na kama alidhani kura itamsaidia, basi ajue kwamba kibao kimeshahamia Mpingo. Alikihamisha mwenyewe, dakika chache tu kabla ya kuinuka mezani kuja huku. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Binti akashika kichwa.

"Nitajie mtu mmoja tu aliyewahi kuumizwa na Imara," Nyundo alisema, akijifuta jasho. "Mmoja."

Binti hakuwa naye. Akatazama saa yake, na hilo likamtia Nyundo shaka. Akamwuliza usoni kama si yeye aliyepanga lifti ikwame ili hoja ife. Binti akacheka kwa uchovu, akasema angetaka kumfungia humo angemfungia peke yake, siyo kujifungia naye huku miguu yake mwenyewe imevimba ndani ya viatu.

Kipaza sauti cha ukutani kikakoroma. Alikuwa fundi wa lifti, kutoka chini. Aliwapa pole, akasema umeme upo, kamba nzima, mlango mzima. Kompyuta ya lifti ndiyo iliyojizima katikati ya safari, na sasa inajiwekea mfumo mpya, hajui itamaliza lini.

"Nani kaiambia ihame?" Nyundo alinguruma. "Nitajie jina lake, nikitoka humu nimfundishe kazi."

"Hakuna mtu, mzee. Tangu tuifunge hatujaigusa. Tuliandika Imara, tukasahau."