Mashine Iliyojifunza kwa Ambakisye

Tusajigwe alifia jikoni akimwita mumewe, Ambakisye, aliyekuwa sebuleni, na mashine inayolinda nyumba haikupiga king'ora. Siku hizi kila mashine ya ulinzi hufundishwa kuona na kusikia kama mwenye nyumba, ili ijue lipi ni la kushtukia.

"Imeharibika," Ambakisye alimwambia fundi, wakiwa bado matangani.

"Ni nzima, mzee. Ilimsikia vizuri. Ikaona ni makelele yake ya kila siku."

"Si alikuwa analalamika kila siku? Ningejuaje?"

"Ndivyo ilivyojifunza kwako."

Binti wa Ambakisye alikuwa mlangoni, akasikia yote. Alimfunga mdogo wake mgongoni, akaenda kwa wajomba.

Msiba uliisha Ambakisye akiwa amepoteza mke, binti na mtoto wa kunyonya.