Babu wa Kushoto na Babu wa Kulia

Ncha ya negativu ya picha ilining'inia nje ya skana kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Redio, aliyeitwa hivyo mtaa mzima kwa kuwa hazimiki, aliipangusa vumbi kwa brashi laini, akailaza kwenye kioo. Ilikuwa ndefu mno. Ataiskani kwa vipande vitatu, alisema, kisha aviunganishe kwenye kompyuta.

Sebule ilifurika. Wajomba walikalia kochi, majirani walijaa mlangoni kana kwamba wameitwa. Mgeni alikalia kiti cha marehemu babu bila kukaribishwa.

Madai yake yalining'inia ukutani: picha ndefu ya wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Babu alisimama mwanzo wa mstari, kushoto. Babu huyohuyo alisimama mwisho wa mstari, kulia. Masharubu yaleyale. Wa kulia, alisema mgeni, ni pacha wa babu, tena ndiye aliyenizaa. Kwa hiyo nusu ya nyumba ni yangu.

Nani angebisha? Babu alikufa wajomba wakiwa bado wananyonya vidole. Na bibi, kila alipoulizwa kuhusu wale wawili, alicheka mpaka akalia, akaenda nacho kaburini kicheko chake.

Mjomba mkubwa alimsihi Redio akubali yaishe. Damu ni damu.

"Mjomba, nilipokuwa namgeuza bibi kitandani, hiyo damu ilikuwa wapi?" Redio hakuinua macho. "Humu hagawiwi mtu hata tofali."

"Wewe kuza tu, mwanangu," mgeni alisema. "Nami nimwone baba mzima. Huyo aliyeitia picha fremu kawakata wote magotini."

Mjane wa mpiga picha, aliyeileta negativu yenyewe ndani ya kopo la biskuti, alikuwa hajanyamaza tangu aingie. Marehemu wake alihangaika siku ile, alisimulia. Kamera ilizunguka yenyewe juu ya miguu mitatu, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, naye huku anawafokea watu wasitikisike mpaka imalize.

Kipande cha kushoto kikatokea kwenye skrini. Babu, kifua mbele, viatu vyeusi vinang'aa.

"Baba mkubwa huyo," mgeni akasema kwa heshima.

Kikafuata cha kati: makarani, mafundi mitambo, wapishi. Redio akakuza upande wa chini, akasogea polepole, akasimama. Nyuma ya miguu ya wapishi, kwenye nyasi, kiatu kimoja cheusi kilikuwa kimelala ubavu.

Mgeni akainuka kitini.

"Kaa," Redio akamwambia. "Baba yako ndiyo kwanza anafika."

Cha kulia kikafunguka. Masharubu yaleyale, jasho tele usoni, mguu mmoja peku.

Mjomba mkubwa akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia.