Maombi ya Jumapili

"Kwani Bethlehemu kunaishi Wapalestina?" niliuliza.

"Ndiyo, Mama Mumo. Na wengine wao ni Wakristo kama sisi," alijibu mwalimu wetu wa ngumbaru, darasa la watu wazima, hapa Gatuanyaga, kidole kikiwa bado kwenye ramani.

Kila Jumapili kanisani nimekuwa nikiiombea Israeli, kisha namsihi Mungu awafagilie mbali Wapalestina wote. Watu huitikia amina.

Kando ya ramani kulikuwa na picha za akina mama wawili, Mwisraeli na Mpalestina, kila mmoja amekumbatia sweta ya mtoto aliyemzika. Sikujua yupi ni yupi.

"Haya, mama wa maombi, tufungie darasa," mwalimu akasema.

Wote wakafumba macho.

"Baba," nilianza, "kama yale ya Jumapili hujayajibu bado..."