Mgeni wa Chumba cha Tatu

Ferista alibisha hodi, akasubiri kidogo kwa adabu, kisha akaingia chumba cha tatu na beseni la maji ya moto. Chumbani hamkuwa na mtu. Akazivuruga shuka alizotandika mwenyewe asubuhi, akaulaza mto upande, akayamwaga maji dirishani ili majirani wasikie.

Nyumba ile ya wageni, mali ya kijiji huko Iyula, ilijengwa Ujamaa ulipopamba moto. Enzi hizo vyumba vilijaa: mabwana shamba wa kahawa, walimu wa kisomo, akina mama wa Ileje waliokuja kwenye semina ya ushonaji na kuimba jikoni mpaka sufuria zikapoa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na Ferista, mjane asiye na mtoto, alipona kweli.

Kisha semina zikahamia Vwawa. Sasa kamati ya kijiji ilikuwa imekata shauri: asipopatikana mgeni kufikia Jumamosi, nyumba inakuwa ghala la mahindi, na Ferista anakwenda kwa shemeji yake Msangano kula ugali wa masimango.

Ndipo akamzua mgeni.

Kila mgeni lazima aripotiwe kwa balozi wa nyumba kumi. Kwa hiyo kila jioni Ferista alivuka barabara hadi kwa mzee Andongwisye, balozi, aliyeishi peke yake tangu afiwe na mkewe, akamdanganya kwa macho makavu.

"Anaendeleaje mgeni wetu?" mzee aliuliza.

"Mzima, ndugu balozi. Ni mtu wa kahawa, mpole tu. Hatoki nje, miguu inamsumbua."

"Anakula?"

"Anamaliza sahani. Tena anapenda mazungumzo."

"Nawe unazungumza naye?"

Swali hilo halikuwa la kazi ya ubalozi. "Sana," Ferista akasema. Tangu jana yake, aliposimama palepale, hakuwa amezungumza na binadamu mwingine. Upweke ulimuuma kuliko ule uongo.

Mzee alimsindikiza hadi barabarani.

Jumamosi Ferista alirudi kutoka mtoni, na hata ndoo hajaitua vizuri akamwona Mwenyekiti Watson amesimama barazani. Njia ya mwongo ni fupi.

"Nimekuja kumpa mkono mgeni wako, dada."

"Amelala, Ndugu Mwenyekiti."

"Basi tutamwamsha taratibu."

Ferista akatangulia, akijiona tayari yuko juu ya lori la Msangano na godoro lake lililokunjwa. Walipofika mlangoni alishindwa. Akageuka, akafungua kinywa ili akiri yote yaishe.

"Karibuni," sauti ya mwanamume ikaita kutoka ndani.

Kitandani alikuwa ameketi mzee Andongwisye, viatu amevua, furushi la nguo pembeni.

"Balozi!" Mwenyekiti alishangaa. "Mgeni gani wewe? Nyumba yako si ile pale ng'ambo?"

"Ndiyo ile, na ina vyumba vinne," mzee akajibu. "Mahindi yapelekeni kule. Yenyewe hayahitaji mtu wa kuzungumza naye."