Kopo la Mtama

Marehemu Haji alikuwa akiwapa njiwa wake mahindi wiki nzima, lakini jioni ya kuamkia mashindano, ambapo njiwa huachiwa mbali na kushindana kurudi nyumbani, aliwapa shayiri kidogo tu, ili warudi na njaa. Mjane wake, Salha, hakuweza. Angewalazaje na njaa viumbe wa mumewe? Msimu mzima aliwashibisha. Wakirudi, hutua paani na kujichambua manyoya kwa raha zao, na njiwa hahesabiwi mpaka aingie bandani. Dume jekundu, kipenzi cha Haji, lilikuwa halijarudi kabisa tangu mashindano ya kwanza.

"Leo ndiyo mwisho, shemeji," alisema Makame, mdogo wa Haji, macho juu. "Huyu mmoja tuliyempeleka naye akikaa paani, kesho nawauza wote."

Salha naye akakaza macho angani. Jana jioni alikuwa amempa njiwa huyo shayiri konzi moja, kisha akakimbilia ndani asimwone akidonoa sakafu tupu.

Njiwa wa kijivu akatua paani. Salha akachukua kopo ambalo Haji aliwaitia njiwa, lililokaa rafuni tangu msiba, akatia mtama, akalitikisa. Njiwa akainua shingo. Akashuka, akaingia bandani moja kwa moja.

"Kaingia!" Makame akaruka. "Basi, shemeji, weka kopo chini!"

Salha hakuliweka. Mbali, juu ya tangi la maji, kulikuwa na doa jekundu likipiga mbawa.

"Si tulipeleka mmoja tu?" Makame aliuliza taratibu.

Salha akazidi kulitikisa kopo.